Ombi la kuruta wa Polisi Tanzania hukwama wapi, na kwa nini

Tangazo la ajira za Jeshi la Polisi Tanzania halikai wazi muda mrefu. Mwaka 2024 lilikuwa la siku chache za mwezi Mei. Mwaka 2025 lilifunguliwa Machi likafungwa mwanzoni mwa Aprili. Ndani ya muda huo mfupi, kijana wa Nachingwea au Kibondo anatakiwa awe na kitambulisho cha taifa au namba yake ya NIDA, cheti cha kuzaliwa, vyeti vya shule, barua iliyoandikwa kwa mkono na akaunti kwenye mfumo wa maombi. Wengi huanza kuhangaika siku tangazo linapotoka, na wengi wao huishia hapo hapo. Urefu na umri wanao. Kinachowatoa ni jina la cheti kimoja lisilofanana na la cheti kingine, na kosa la namna hiyo halirekebishiki kwa wiki mbili.

Kabla ya nyaraka, kuna jambo moja linalochanganywa sana. Mtu haombi kujiunga na shule ya polisi. Anaomba ajira, na Jeshi likishamchagua ndilo linalompeleka kwenye mafunzo ya awali, ambayo kwa Tanzania Bara hufanyika Shule ya Polisi Tanzania, Moshi, ile ambayo watu wengi bado wanaiita CCP, yaani Chuo cha Polisi. Marekani, katika majimbo kama North Carolina, mtu anaweza kuomba nafasi ya kozi ya msingi ya polisi kwenye chuo cha jamii kabla hajaajiriwa na idara yoyote. Kwetu njia hiyo haipo. Hakuna fomu ya kununua, hakuna ada, hakuna nafasi ya kujilipia. Anayeuza "fomu za kujiunga na CCP" anauza karatasi yake mwenyewe.

Vijana huingia kwa milango miwili. Kuna awamu ambazo nafasi hutangazwa hadharani, na kila mwenye sifa huomba. Kuna awamu nyingine ambazo vijana huchukuliwa kutoka kwenye makambi ya Jeshi la Kujenga Taifa (JKT), na kwa Zanzibar Jeshi la Kujenga Uchumi (JKU), ambako uongozi wa makambi hushiriki kuwapata. Hapa pia pana mkanganyiko: JKT ya mujibu wa sheria, ile ya miezi mitatu kwa wahitimu wa kidato cha sita, si sawa na JKT ya kujitolea ya miaka miwili. Tangazo likitaja JKT, soma linataja ipi, na kama linahitaji cheti cha kumaliza mafunzo au mtu aliyeko kambini kwa sasa. Makala hii inahusu mlango wa kwanza.

Sifa, na namna ya kuzisoma

Matangazo ya miaka ya karibuni yamekuwa na mifupa inayofanana. Mwombaji awe raia wa Tanzania kwa kuzaliwa. Mhitimu wa kidato cha nne au cha sita awe na umri wa miaka 18 hadi 25; mwenye astashahada, stashahada au shahada huruhusiwa hadi 30. Urefu usipungue futi 5 na inchi 8 kwa mwanaume, futi 5 na inchi 4 kwa mwanamke. Awe hajaoa wala kuolewa, na hana mtoto. Asiwe na michoro mwilini. Asiwe na rekodi ya uhalifu wala ya kutumia dawa za kulevya. Awe tayari kufanya kazi popote ndani ya Jamhuri ya Muungano, na ajigharamie katika hatua zote za usaili.

Kwenye elimu ndipo watu hujidanganya. Tangazo husema daraja la kwanza hadi la nne, na mwenye daraja la nne hufurahi bila kusoma mstari unaofuata. Daraja la nne lina alama 26 hadi 33, lakini Polisi wamekuwa wakichukua wenye 26 hadi 28 tu. Mtihani wa kidato cha nne huhesabiwa kwa masomo saba bora: A ni alama 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4 na F ni 5. Aliyepata D katika masomo yote saba ana alama 28, yuko ndani. Aliyepata C mbili, D tatu na F mbili naye ana 28. Mwenye D sita na F moja ana 29, yuko nje, na barua nzuri kiasi gani haitambadilishia hesabu hiyo. Fanya hesabu mwenyewe kabla ya kuanza kujaza chochote. Angalia pia miaka ya kuhitimu inayotajwa, kwa sababu tangazo likibana miaka hiyo, mwenye ufaulu mzuri wa zamani hubaki nje hata kama umri wake unafaa.

Umri huhesabiwa kwa tarehe, si kwa mwaka. Anayetimiza 26 wiki moja kabla ya tangazo kutoka hana tena miaka 25, ingawa mtaani bado anasema anayo.

Urefu nao una hila zake. Futi 5 na inchi 8 ni takriban sentimita 172.7, na futi 5 na inchi 4 ni sentimita 162.6. Jipime bila viatu, visigino, makalio na mabega yakigusa ukuta, macho yakitazama mbele, na mtu mwingine aweke kitu bapa juu ya kichwa bila kukilalia. Mwili wa binadamu hupungua urefu kwa kiasi cha sentimita moja au zaidi kati ya asubuhi na jioni, kwa kuwa uti wa mgongo hujibana tunapokuwa tumesimama. Aliye mpakani kabisa, ambaye amesimama kwenye foleni tangu alfajiri, anaweza kupimwa saa tisa alasiri akaonekana mfupi kuliko alivyoamka. Kwa mtu wa namna hiyo, kuwahi foleni kuna maana, na kukaa chini wakati wa kusubiri kuna maana zaidi. Nywele ndefu au zilizosukwa juu hazisaidii, hukandamizwa.

Kwenye makundi ya WhatsApp, masharti ya Kenya husambazwa kama ya Tanzania na ya Tanzania kama ya Kenya. Kwa Kenya, tangazo la mwaka 2025 la makonstebo 10,000 lilitaka umri wa miaka 18 hadi 28, gredi ya wastani ya D+ kwenye KCSE, mtihani wao wa kumaliza sekondari, pamoja na D+ ya Kiingereza au Kiswahili, urefu wa futi 5 na inchi 8 kwa wanaume na futi 5 na inchi 3 kwa wanawake. Huko watu hujitokeza kwa siku moja kwenye vituo vya kaunti ndogo na mchujo hufanyika hapo hapo uwanjani. Tanzania maombi huanzia mtandaoni na usaili huja baadaye. Msichana wa Namanga mwenye futi 5 na inchi 3 anafaa upande mmoja wa mpaka na hafai upande wa pili.

Nyaraka zisizosemezana

Hapa ndipo penye kazi yenyewe. Chukua vyeti vyako vyote, viweke mezani: cheti cha kuzaliwa, kitambulisho au namba ya NIDA, cheti cha kidato cha nne, cha sita kama unacho, na vyeti vya chuo. Soma jina herufi kwa herufi. Kisha soma tarehe ya kuzaliwa. Usisome kwa macho ya mwenye jina, ambaye tayari anajua linasomekaje. Mpe mtu mwingine avisome kwa sauti.

Makosa yanayojirudia ni yale yale. Mohamed na Mohammed. Elizabeth na Elizabeti. Jina la babu lipo kwenye cheti cha kuzaliwa, ila shuleni liliandikwa jina la ukoo. Mtoto alilelewa na mjomba, akaandikishwa darasa la kwanza kwa jina la mjomba. Mwalimu aliandika kifupi, "J. Masanja", na kifupi kikapanda hadi cheti cha NECTA, Baraza la Mitihani. Mwingine alipunguziwa miaka miwili ili aonekane mdogo shuleni, kisha NIDA akatoa umri wa kweli.

Namba ya NIDA ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni tarehe ya kuzaliwa: mwaka, mwezi, siku. Anayeikagua hahitaji kufungua mfumo wowote. Anatazama namba na cheti cha kuzaliwa, anaona kama vinakubaliana. Kwa hiyo tofauti ya tarehe haifichiki hata kwa dakika moja.

Swali linalofuata ni kipi kifuate kipi. Jibu letu ni hili: cheti cha shule ndicho kigumu kuliko vyote kubadilika, basi vingine vielekezwe kwake pale ambapo ukweli unaruhusu. Jina lililo kwenye cheti cha kidato cha nne lilitokana na usajili wa mtihani, na baada ya cheti kutolewa, NECTA si mahali pa kwenda kubadilisha jina kwa sababu umelipenda lingine. Marekebisho huko ni ya makosa ya uchapaji au usajili, yenye ushahidi kutoka shuleni. Cheti cha kuzaliwa kina utaratibu wa kurekebisha makosa kupitia RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo, kwa Tanzania Bara, na kwa Zanzibar kupitia Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii. NIDA nao hurekebisha taarifa, mradi uwe na cheti cha kuzaliwa kinachounga mkono unachodai. Kwa hiyo mpangilio wenye akili ni RITA kwanza, NIDA baadaye. Ukianza NIDA ukiwa na cheti cha kuzaliwa chenye kosa, kosa hilo linahamia NIDA.

Hapa wengi hukimbilia hati ya kiapo, ile inayopatikana kwa wakili ndani ya nusu saa. Hati ya kiapo husema kwamba majina mawili ni ya mtu mmoja. Haibadilishi jina, na haibadilishi tarehe. Kwa tofauti ndogo ya herufi inaweza kutosha kueleza. Kwa jina zima lililobadilika, kinachohitajika ni hati ya kubadili jina, inayoandaliwa na wakili, ikasajiliwa kwa Msajili wa Hati kwenye Wizara ya Ardhi na kutangazwa kwenye Gazeti la Serikali. Hatua hizo hazina uwezekano wa kumalizika wakati tangazo likiwa limeshatoka. Na kwa tofauti ya umri, kiapo hakina msaada wowote: wakili hawezi kukuzaa upya.

Wapo ambao hawana kabisa cheti cha kuzaliwa. Usajili wa mtu mzima huanzia kwa mtendaji wa kijiji au mtaa, kisha ofisi ya Mkuu wa Wilaya inayoshughulikia vizazi na vifo, na husimama juu ya ushahidi: kadi ya kliniki, cheti cha kumaliza darasa la saba, vitambulisho vya wazazi, barua ya serikali ya mtaa. Anayekosa kimojawapo huambiwa arudi. Mwenye cheti cha zamani kilichoandikwa kwa mkono afanye uhakiki RITA mapema, maana kuna vyeti vilivyotolewa ambavyo rejista zake hazionekani, na mwenye cheti hagundui hadi siku anapokihitaji.

Kuhusu vyeti vya kughushi tuseme wazi. Mwaka 2017 uhakiki wa vyeti vya watumishi wa umma ulibaini zaidi ya watu 9,900 wenye vyeti vya kughushi, na waliondolewa kazini, baadhi wakiwa wametumikia miaka mingi. Chini ya Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kughushi ni kosa lenye kifungo cha hadi miaka saba. Kupeleka cheti cha kughushi kwenye ofisi yoyote ni hatari. Kukipeleka polisi ni kujipeleka.

Kujaza na kutuma

Maombi hupokelewa kwenye mfumo wa ajira wa Jeshi la Polisi, ajira.tpf.go.tz. Yanayoletwa kwa mkono, kwa posta au kwa barua pepe hayashughulikiwi, na tangazo husema hivyo bila kumung'unya maneno. Mwombaji hufungua akaunti, huingiza namba ya NIDA, hujaza taarifa binafsi na za elimu, kisha hupakia nakala za vyeti na barua ya maombi.

Barua hiyo iandikwe kwa mkono. Watu huiona kama mabaki ya enzi za ukoloni, wakaichapa kwenye kompyuta ya duka la steshenari, na ombi likawa na kasoro. Askari huandika maelezo ya mashahidi kwa mkono, na jalada la kesi husomwa na mwendesha mashtaka na hakimu. Mwandiko usiosomeka una gharama. Tumia karatasi nyeupe isiyo na mistari au yenye mistari myepesi, kalamu ya bluu au nyeusi, ukurasa mmoja. Anuani yako na namba ya simu juu kulia, tarehe chini yake, kisha anuani ya Mkuu wa Jeshi la Polisi kama ilivyo kwenye tangazo. Kichwa cha barua kitaje nafasi unayoomba. Ndani weka majina yote kama yalivyo kwenye cheti cha kidato cha nne, tarehe ya kuzaliwa, namba ya NIDA, namba ya mtihani na mwaka, daraja na alama, ujuzi kama udereva au ufundi, na kauli kwamba uko tayari kuhudhuria mafunzo ya awali na kupangiwa kazi popote. Habari ya umaskini wa nyumbani haina kazi kwenye barua hii. Saini mwishoni, na saini hiyo iwe ile utakayoweka siku ya usaili.

Namba ya simu uliyoandika iwe yako, iliyosajiliwa kwa jina lako, na ibaki hewani kwa miezi kadhaa. Kuna waliopigiwa wakiwa wameshabadilisha laini.

Kwenye kupakia, kosa kubwa ni picha za simu zilizopigwa gizani: kivuli cha mkono juu ya muhuri, kona imekatwa, cheti kimelala upande. Tumia programu ya kuskani inayonyoosha karatasi na kutoa PDF, au nenda steshenari ukaangalie mwenyewe kila ukurasa kabla ya kulipa. Faili likizidi ukubwa unaoruhusiwa mfumo hulikataa. Punguza ukubwa huku ukihakikisha namba ya cheti bado inasomeka ukilikuza. Yape mafaili majina yanayoeleweka, maana saa sita usiku ni rahisi kupakia cheti cha kuzaliwa mahali pa cheti cha kidato cha nne.

Na usisubiri hiyo saa sita usiku. Siku mbili za mwisho mfumo hulemewa, kurasa hukatikia katikati, na mwombaji hubaki hajui kama ombi limefika. Likifika, chukua picha ya skrini yenye uthibitisho uihifadhi mahali pawili au zaidi. Anayejaziwa na kijana wa steshenari abaki na nywila yake, na asome kila kitu kabla kitufe cha kutuma hakijabonyezwa. Kijana huyo hujaza fomu za watu wengi kwa siku, na akikosea tarakimu moja ya namba yako ya mtihani, wa kurudi nyumbani ni wewe.

Usaili

Majina ya wanaoitwa hutolewa kwenye tovuti na kurasa rasmi za Jeshi la Polisi, yakiwa yamepangwa pamoja na vituo na tarehe. Wahitimu wa kidato cha nne na sita wamekuwa wakisailiwa mikoani, chini ya makamanda wa polisi wa mikoa. Wenye fani na taaluma wamekuwa wakiitwa Dar es Salaam, kwenye chuo cha polisi cha Kurasini, na wa Zanzibar kwenye makao makuu yao huko. Nauli, malazi na chakula ni juu ya msailiwa, na shughuli inaweza kuchukua zaidi ya siku moja, kwa hiyo nenda na pesa ya kulala hata kama kwenu si mbali.

Beba vyeti halisi na nakala zake, kitambulisho, kalamu, nguo za heshima na nguo za mazoezi. Vyeti vitalinganishwa na ulivyopakia. Ukiwa umepoteza cheti halisi, taarifa ya upotevu iliyotolewa na polisi ni hatua ya kwanza tu ya kwenda NECTA kuomba uthibitisho au cheti mbadala. Peke yake haisimami badala ya cheti.

Kwenye ukakamavu, wanaoanguka ni wale walioanza kukimbia wiki ya kuitwa. Misuli na mapafu huhitaji wiki nane hadi kumi kubadilika. Anza na kilomita mbili za mwendo wa kuweza kuongea, mara tatu kwa wiki, kisha ongeza kidogo kidogo hadi ufike kilomita tano au sita bila kusimama. Siku nyingine fanya pushapu, sitapu na kuchuchumaa. Anayeruka kutoka kilomita mbili hadi nane kwa pupa hupata maumivu ya mbele ya ugoko yanayomlaza wiki tatu, na wiki hizo hakuna wa kumrudishia. Zoea kukimbia na raba zile zile utakazovaa siku yenyewe. Raba mpya huleta malengelenge. Kwa walio pwani, fanya baadhi ya mazoezi kwenye jua la asubuhi, si alfajiri tu, kwa kuwa uwanjani zamu yako inaweza kufika saa tano.

Afya nayo ina mambo ya kujua mapema. Shinikizo la damu hupanda kwa kukosa usingizi, kwa wasiwasi, na kwa vinywaji vya kuongeza nguvu ambavyo watu hunywa ili wakimbie vizuri, kisha wanapimwa wakiwa na moyo unaodunda. Upofu wa rangi hurithiwa, huwapata zaidi wanaume, na mtu anaweza kufika miaka 22 bila kujijua. Kipimo chake ni kitabu cha madoa ya rangi kwenye kliniki yoyote ya macho. Ngiri inayoweza kufanyiwa upasuaji ni bora ishughulikiwe mwaka mmoja kabla kuliko kugunduliwa uwanjani. Mwanamke mjamzito hapokelewi kwenye mafunzo.

Mahojiano ya ana kwa ana huogopwa kuliko yanavyostahili. Msaili anataka kuona mtu anayesikiliza swali, anayejibu alichoulizwa na asiyebabaika akisahihishwa. Jua muundo wa Jeshi na vyeo vyake kuanzia konstebo, tofauti ya kosa la jinai na shauri la madai, mihimili mitatu ya dola, mkoa na wilaya yako. Jizoeze kujibu kwa Kiswahili fasaha na kwa Kiingereza cha kueleweka. Jibu la "napenda kuvaa magwanda" limesikika vya kutosha.

Upekuzi, na wale wanaojiita watu wa ndani

Anayepita usaili bado hajapita. Upekuzi hufanywa nyuma ya pazia: alama za vidole, rekodi za uhalifu, taarifa kutoka mtaani na shuleni. Mwenyekiti wa mtaa huulizwa, polisi kata huulizwa. Ukurasa wako wa Facebook au TikTok uko wazi kwa kila mtu, askari mpekuzi akiwamo. Anayeficha ndoa au mtoto hutegemea kwamba hakuna atakayejua, na husahau kwamba cheti cha kuzaliwa cha mtoto kina jina la baba na la mama. Sharti hilo la kutokuwa na mtoto tunaliona kali, hasa kwa wasichana, na lina wakosoaji wake. Lakini maadamu limeandikwa kwenye tangazo, kulidanganya ni kuanza kazi ya kusimamia sheria kwa maelezo ya uongo yenye saini yako.

Kipindi hiki cha kusubiri ndicho matapeli hukipenda. Majina yakishatoka hadharani, yanasomwa na kila mtu, na tapeli huwa na jina lako kamili na kituo chako cha usaili. Anapiga simu kwa sauti ya kiofisi, anataja cheo, anasema jina lako limo ila linahitaji "kusukumwa", kisha linakuja neno ambalo kila Mtanzania analijua: hiyo pesa itume kwenye namba hii. Hakuna malipo katika hatua yoyote ya ajira hii. Na ikiwa anayeomba kweli ni mtumishi, hilo ni kosa chini ya Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, ambayo humbana anayetoa sawa na anayepokea. Namba ya TAKUKURU ni 113, na kupiga ni bure.

Depo

Wanaochaguliwa hupewa maelekezo ya kuripoti: tarehe, mahali, na orodha ya vitu vya kubeba. Fuata orodha hiyo. Vyeti halisi husafiri nawe, kwa kuwa ukaguzi hurudiwa shuleni, na wapo waliorudishwa nyumbani wakiwa wameshafika Moshi.

Depo, kama askari wenyewe wanavyoyaita mafunzo ya awali, ina kwata na gwaride, mchakamchaka wa alfajiri, matumizi ya silaha, na pia darasa, ambalo huwashangaza waliodhani ni mbio tupu. Kuruta husoma Kanuni ya Adhabu, Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sheria ya Ushahidi na Kanuni za Kudumu za Jeshi la Polisi, zile PGO zinazotajwa kila kona. Hufundishwa kukamata, kupekua, kuandika maelezo, kulinda eneo la tukio. Mafunzo ya medani hufanyika kwenye kambi ya Kilelepori, wilaya ya Siha, upande wa magharibi wa Mlima Kilimanjaro, ambako baridi ya usiku huwashtua waliotoka Tanga na Lindi. Kuruta bado si askari kamili. Anaweza kuondolewa kwa utovu wa nidhamu, kwa kufeli au kwa nyaraka kugundulika na kasoro.

Wenye shahada nao hupitia depo hiyo hiyo na huanza wakiwa makonstebo. Nyota ya kwanza begani ni ya Mkaguzi Msaidizi, na hupatikana kwa kozi nyingine baada ya muda kazini. Mwenye digrii anayetegemea kutoka Moshi na nyota atashangaa.

Kwa ambaye jina halikutoka: omba tena kwenye awamu inayofuata kwa kujaza upya, maana sifa zinaweza kubadilika kati ya tangazo na tangazo, na umri wako umesogea. Magereza, Zimamoto na Uokoaji, na Uhamiaji hutangaza nafasi zao kwa nyakati tofauti na kwenye mifumo yao, na masharti yao hayafanani kila kipengele na ya Polisi. Vyeti ulivyokwisha kuviweka sawa vitatumika huko kama vilivyo. Barua ndiyo huandikwa upya, kwa sababu mkuu wa jeshi anayeandikiwa ni mwingine, na barua ya Magereza yenye anuani ya Polisi ni kosa ambalo bado watu hulifanya.